Saa Niliyomtengenezea Nyanya

Kila nitwangapo manjano, harufu yake inaponiganda vidoleni, hunijia ile saa niliyoitengeneza nikiwa na umri wa miaka minane au tisa, nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Niwaambie ukweli, hata leo nikiikumbuka kichwa hunizunguka kidogo.

Mjomba Hamadi, kakake mamangu, alikuwa na saa ya dhahabu ya mfukoni, yenye kifuniko na mkufu. Jioni akirudi kazini humwekea Nyanya sikioni. Nyanya, ambaye ndiye mamake, macho yalikuwa yamefunga utando, lakini akiisikia ile saa ikigonga hutabasamu kama aliyeletewa habari njema. Kisha Mjomba akapata ukarani kwa tajiri mmoja wa Unguja, akaondoka na saa yake. Nyanya akawa kila mara asema, "Nyumba hii imenyamaza." Nikaazimia kumtengenezea nyingine.

Nilichukua kopo dogo la bati lililokuwa na dawa ya kuchua, nikalisugua kwa jivu mpaka likang'aa. Uso wa saa niliukata kwa karatasi, nikaupaka manjano ili uwe wa dhahabu. Mishale ilikuwa njiti mbili za ufagio, na mkufu ulikuwa uzi wa kushonea kofia. Taabu ilikuwa tarakimu. Nilikumbuka vizuri kwamba adhuhuri, watu wote wakisema ni saa sita, mishale ya Mjomba ilisimama kwenye kumi na mbili. Nilipomwuliza Baba alinijibu, "Mzungu huanza kuhesabu siku watu wamelala." Sikufahamu hata chembe. Nikaandika sita pale juu, yakaisha. Na mlio je? Nikatia mende ndani, nikafunika.

Nyanya aliiweka sikioni, akasikiliza sana.

"Hii yagonga au yakwaruza?"

"Yagonga, Nyanya."

"Basi mashallah."

Tangu hapo, kila ikiadhiniwa na kila nikikumbuka nilisogeza mishale, naye akiniuliza saa mara kumi kwa siku, nami nikimjibu kwa kiburi cha karani. Mende akifa, nilitafuta mwingine.

Mwaka haujatimia, Mjomba akarudi kumchukua mamake wakakae wote Unguja. Nyumba alikuwa ameshaipanga, na chumba cha Nyanya, alisema, kilikuwa na dirisha la baharini lenye upepo mwanana. Nyanya hakukataa. Kumkataa mwana aliyekata bahari kwa ajili yako si adabu ya kwetu. Alimshukuru, akamwombea dua.

Siku ya safari Mjomba alitangulia Kilindini na masanduku. "Mama, saa nane watakuja watu wa kigari," alimwambia, maana siku hizo tulikuwa na vigari vya kusukumwa juu ya reli. Nao wakaja kwa wakati. Nyanya alikuwa ameketi kitandani, buibui ameshalivaa, mikono ameilaza mapajani.

"Mwanaisha, saa ngapi?"

Nikaitazama saa yangu. Kwa pirikapirika za siku ile nilikuwa nimesahau kuisogeza mishale tangu asubuhi.

"Saa nne, Nyanya."

"Waambie bado mapema. Haraka haina baraka."

Hapo nikachanganyikiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemshikia birika akatawadha, akasali adhuhuri. Itakuwaje tena saa nne? Lakini aliyesema mapema ni mkubwa, na mtoto hamsahihishi mkubwa. Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akanitazama mimi, akalitazama kopo, akarudi jikoni.

Watu wa kigari walingoja, wakachoka, wakaenda zao. Baadaye ikasikika honi ya meli kutoka Kilindini, ndefu, kisha ya pili.

"Ng'ombe wa nani huyo aliaye hivyo?" Nyanya akauliza.

Mjomba aliingia akihema, kanzu imemganda mgongoni. "Mama! Meli imeondoka! Masanduku yamekwenda Unguja peke yake!"

"Imeondoka? Mbona saa ya Mwanaisha yasema bado?"

Mjomba akaninyang'anya kopo, akalifungua. Mende akamrukia mkononi, akapanda mpaka ndani ya mkono wa kanzu. Nikafumba macho kungoja kofi. Sikupigwa. Mjomba alikaa sakafuni, akamtazama mamake kwa muda mrefu, akaanza kucheka. Kisha kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa kiganja. Kofi ningalielewa. Machozi ya mwanamume mzima sikuyaelewa.

Wiki iliyofuata alisafiri peke yake. Nyanya aliishi miaka mingine michache, akafia katika chumba kile kile, nami nilikua na lile donge moyoni kwamba uzembe wangu ulimkosesha dirisha la baharini.

Nilikuwa mke wa mtu na watoto wawili nilipomwungamia Mama. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba jua huchomoza.

"Nyanyako alimjua mgeni kwa mshindo wa kiatu tangu yuko uchochoroni," alisema. "Atashindwa kujua honi ya meli? Mume na wanawe wanne amewazika kisiwa hiki. Hakutaka kwenda, wala hakutaka kumvunja mwanawe moyo. Alihitaji mtu wa kulaumiwa ambaye hakuna awezaye kumchukia."

Kumbe siku ile nzima, mle ndani, asiyejua ni saa ngapi nilikuwa mimi tu.