Mrija wa Breki Nilioupitisha Kando ya Moto

Walisema nitashindwa. Mtaa mzima wa Bagira ulisema: gari lile la mlowezi, lililooza miaka mingi nyuma ya ghala, litabaki banda la kuku, na mimi nitarudi Ubelgiji kwenye theluji yangu. Walikosea. Gari lilitembea. Kosa langu liko kwenye kusimama kwake, na ninalikiri hapa kwa sababu bado kuna watu wanaonisifu.

Nilikuwa na diploma ya ufundi wa magari, miaka minne ya shule huko Ubelgiji. Niliitundika sebuleni, juu kuliko picha ya marehemu baba. Zana ndizo sikuwa nazo. Jeki niliazima kwa tonton, mjomba wangu, spana kwa jirani, na kifaa cha kupanulia midomo ya mirija kwa Papa Bahati, fundi aliyejifunzia kazi chini ya malori, asiyejua kusoma.

Nilipokuwa nalaza mrija mpya wa breki, Papa Bahati akainama, akatazama.

"Ingénieur, huku iko moto. Peleka ngambo ingine."

"Papa, mchoro wa shule unaonyesha huku. Wewe ulisomea wapi?"

"Chini ya hii hii gari. Bomba ya moshi ni mimi niliihamisha, sababu mawe ya barabara ya Kavumu ilikuwa inaivunja. Muchoro yako haijue ile."

Nilicheka. Nikamwambia kwamba hiyo article quinze yenu, kubahatisha kila kitu, ndiyo inayoiua nchi. Nikaufunga mrija kando ya bomba la moshi, umenyooka kama rula. Hata mpiga picha nilimwita.

Jumapili nikavaa koti langu jipya la abacost, nikaenda Kavumu kumchukua mama. Ni yeye peke yake aliyekuwa akinitetea. Alikaa nyuma na gunia lake la maharage, akiwapungia watu mkono kama mke wa gavana.

Kwenye mteremko nikakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka sakafuni, laini kama uji. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka ndani ya mrija wangu mzuri, kwa moto wa bomba la moshi.

"Simamisha, mutoto yangu."

"Mama, inakataa."

"Sasa ile diplome yako haina freni?"

Nikavuta breki ya mkono, tukaingia kwenye migomba ya watu. Mgomba wa tatu ndio uliotusimamisha, nao haukuwa umesoma popote. Mama aliteguka bega. Akashuka, akaenda zake kwa miguu. Tangu siku hiyo alitembea: sokoni, kanisani, akilipita gari langu kama anavyompita mbwa wa jirani.

Nilikwenda kwa Papa Bahati na hotuba ndefu ya Kifaransa. Kilichonitoka ni, "Papa, unisaidie."

"Vua kwanza hiyo koti."

Tukaupeleka mrija upande wa pili, mbali na moto, tukaubana kila baada ya shubiri usitikisike.

Ninyi mnaorudi na vyeti vyenu kwenye fremu, kabla ya kufungua kitabu, ulizeni nani alilala chini ya gari hilo kabla yenu. Bega la mama halisomi michoro.

Siku ya kurudisha vya watu, nilizunguka na gari lile lile: nilipeleka jeki, nikapeleka spana, mwisho kile kifaa cha Papa Bahati. Mama alikuwa amesimama kando ya barabara. Mimi hakuniuliza.

"Papa Bahati, ile mrija ameipitisha wapi?"

Mzee, na nguo zake za kanisani, akalala chini ya gari, akachungulia. Akainuka, akajipangusa vumbi, akafungua mlango wa mbele, akaketi.

"Panda, maman."

Mama akapanda. Mimi mwenye diploma niliambiwa niendeshe polepole.