Kope za Jicho la Kushoto
Naona mmeshaanza kuchekacheka, basi niseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi niliyedondosha kope kwenye chai ya mkwe, na tangu siku hiyo nikipita hapa mtaani kwetu Beechmont watoto wananikonyeza.

Daktari aliniambia jicho langu la kushoto lina presha (glakoma, ule ugonjwa unaokula jicho polepole bila kuuma), akanipa kichupa kimoja chenye dawa mbili ndani, tone moja kila jioni kwenye jicho hilohilo, nisiache hata siku moja la sivyo nitapofuka. Sikuacha. Lakini ile dawa ina mambo yake, inaotesha kope, na baada ya miezi michache jicho la kushoto lilikuwa na kope ndefu nyeusi za bibi harusi huku la kulia limebaki la mzee anayebeba maboksi ghalani.

Sasa Jumamosi ile watu walikuwa wanatoka mji wa Buffalo kuja kumposa binti yangu Joselyne, wakiongozwa na mjomba wa kijana, Mzee Rubeni, Mkongo wa milima ya Kivu, mchungaji mkali ambaye tulisikia aliwahi kuvunja posa kwa sababu baba wa binti alipiga miayo. Joselyne aliniomba kitu kimoja tu, kwamba leo niwe mtu wa kawaida. Nikaingia bafuni na mkasi. Nilitaka kupunguza kidogo tu, ila bila miwani sioni (na ukivaa miwani mkasi haupiti), nikazikata zote, jicho likabaki kama la kuku aliyenyonyolewa, na huko nje wageni wanapaki gari. Pale kwenye sinki zilikuwepo kope za bandia za Joselyne na gundi yake. Nikajiambia, si nachukua moja tu.

Mwanzoni mambo yalienda vizuri, isipokuwa Mzee Rubeni alikaa sebuleni kwangu na miwani ya jua, nikawa najiuliza huyu anajiona nani. Nyumbani kwangu mimi Mrundi, baba wa binti ndiye humpa mgeni mkubwa kikombe cha kwanza, kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Nikainama. Mvuke wa chai ukapanda, gundi ikalegea, kope ikadondoka ikaelea kwenye chai ya maziwa.

Mama mmoja akasema ni buibui, mwingine akaanza kukemea uchawi kwa jina la Yesu. Joselyne akachungulia kikombe, akatazama jicho langu, akafunika uso akalia, na hapo niliumia kwelikweli, nikajua nimemharibia. Nikasimama nikaeleza yote, presha, kichupa, mkasi na gundi.

Mzee Rubeni akaweka kikombe chini, akavua miwani, na kope zake zilikuwa ndefu macho yote mawili, zimepinda juu kama za mtoto mchanga.

"Bon, muzee, miye niko mwaka ya tatu na ile dawa," akasema. "Nilikuwa naogopa mutanicheka."

Tukamcheka. Akaomba kikombe kingine, na posa ikapita.

Mkasi sitausogeza tena karibu na jicho, naapa. Tone natia kila jioni, maana Mzee Rubeni hupiga simu kutoka Buffalo kuhakikisha, na kope zimerudi ndefu kuliko mwanzo. Naziacha.