Kampuni Moja

Nilipokuwa mtangazaji wa redio ndogo hapa Pemba, lori la mchanga lilimgonga mpanda baskeli karibu na Konde, akafa palepale. Ubavuni mwa lori jina la kampuni lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, nami nililitia kwenye habari. Mhariri akalifuta, akaandika "kampuni moja".

"Uchunguzi haujaisha," alisema.

"Mbona marehemu tumemtaja?"

"Marehemu hashitaki, bwana."

Kesho yake mjane alinipigia simu kutoka Kiuyu.

"Mwanangu, watu wanasema mume wangu kajigonga mwenyewe. Hilo lori halina mwenyewe? Litajeni, japo mara moja."

Nikamwambia nitajaribu.

Jioni ile ilikuwa zamu yangu ya kusoma matangazo ya vifo na hitma. Nikatangaza hitma ya marehemu: baba yake, ndugu zake, watoto wake, kijiji chake. Kisha, kama kila siku, nikasoma mstari wa mwisho wa karatasi: matangazo haya yamewajia kwa hisani ya kampuni ileile. Nililitamka jina lake lote, pole pole, kwa sauti ya kazini.

Mjane aliomba litajwe mara moja. Nililitaja, tena kwa shukrani.