Nilivyotafuta pombe ya kwenye nyota kwa redio ya kijiji

Wakuu, habari za leo. Mimi humu huwa nasoma na kupita. Leo nimeona mjadala wenu wa mambo ya anga, nikasema niweke na langu. Si chai. Chai mtu hutunga ili aonekane mjanja, na katika kisa hiki mjanja hayupo.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, upande wa Mpui. Nilikuwa na darasa la saba, na kwa kijiji chetu hiyo ilitosha kunifanya mwalimu wa kisomo cha watu wazima na mtunza redio.

Redio ilikuwa moja, ya kijiji kizima, betri nne kubwa. Jioni watu walikusanyika nje ya ofisi kusikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Kama una ndugu mbali, hayo matangazo ndiyo yalikuwa simu yako.

Siku moja redio ikasema wataalamu wa ng'ambo wamegundua pombe angani. Si kwenye mawingu ya mvua. Ni mawingu ya gesi na vumbi yaliyo katikati ya nyota. Hawakwenda huko. Waliinasa kwa antena, kwa sababu kila molekuli hutoa mawimbi yake, mahali pake, kama steshini.

Sasa, nilikuwa na dada yangu mkubwa, Oresta, aliyenilea baada ya mama kufariki. Aliolewa Kirando, na kwa kupika pombe ya ulezi hakuwa na mpinzani. Alipokuja kututembelea nikamweleza habari hiyo mbele ya watu.

"Nani anaipika huko?" akauliza.

"Hakuna anayeipika, dada. Ipo tu."

"Basi hiyo si pombe. Hao wazungu wako walikunywa kwanza, ndipo wakasikiliza."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi mwenye cheti nikaumia. Nikajiapiza kwamba akirudi baada ya mavuno nitamsikilizisha mwenyewe.

Oneni akili yangu ilivyofanya kazi: wao wana redio, mimi nina redio.

Watu wakienda shamba la kijiji, nabaki ofisini nikisema naandaa somo. Nikaunga waya kwenye rimu ya baiskeli, rimu nikaitundika juu ya paa. Kisha nasogeza mshale taratibu kati ya steshini na steshini, pale penye mvumo mtupu.

Nilikuwa na daftari kabisa. "Jumatatu: mvumo mzito. Jumanne: mvumo mwembamba, huenda ni pombe." Mpaka leo sijui pombe huvuma vipi.

Wiki tatu hivyo. Betri zikaisha.

Nikazianika juani kama tulivyozoea, zikapata uhai wa robo saa, zikafa. Duka la ushirika halikuwa na nyingine. Mwenyekiti wetu, Mzee Kasiano, akasema betri za siku hizi ni mbovu. Sikumkatalia.

Siku ya tisa bila redio, lori la dagaa kutoka Kirando likasimama barabarani. Dereva alinifahamu. Akashuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mwalimu."

"Pole ya nini tena?"

Akanitazama. "Tangazo si lilisomwa? Mara mbili. Sisi wenyewe tulilisikia."

Dada Oresta alikuwa na wiki nzima kaburini. Homa ya siku mbili tu.

Nilipofika Kirando matanga yameshaanuliwa. Shemeji hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba waliahirisha mazishi siku moja wakinisubiri, maana wote walijua mdogo wa marehemu ndiye anayetunza redio.

Niliporudi kijijini nikasimama mkutanoni nikasema ukweli wote, na daftari nikalitoa. Mzee Kasiano akalifunua kurasa mbili tatu, akalifunga.

"Na hiyo pombe, uliipata?"

"Sikuipata, mzee."

"Haya. Lete funguo za ofisi."

Nikampa.

Miaka mingi baadaye, mwalimu mmoja wa fizikia, jirani yangu hapa Katandala, alinieleza kwamba redio ile isingefika kwenye mawimbi hayo hata ningetundika rimu kwenye kila paa la Ufipa. Mvumo ule mwingi ulikuwa radi za mbali na redio yenyewe. Kwa hiyo wiki tatu nilikuwa nasikiliza redio ikijisikiliza.

Nilichojifunza ni kidogo. Kitu cha watu wote usikigeuze chombo cha ubishi wako. Na dada akikucheka, mwache acheke.

Swali lake bado sina jibu lake. Wakuu mliosoma, hiyo pombe nani anaipika huko? Nielezeni polepole, na mkitaka kucheka chekeni tu.

Nipo, nasoma kila mtakachoandika. Siku hizi simu yangu siiachi chaji ishuke chini ya nusu.