Miaka Minne ya Kuchagua Shokapu

Baiskeli ya Mboje inajulikana Kemambo nzima. Ni ya buluu, ya milimani, ya zile zinazovaa tairi nene zenye meno, na mbele ilikuwa na shokapu mbili zilizokufa kabla mimi sijamaliza chuo. Ukiiegemea ilikuwa inazama hadi mwisho na hairudi. Mguu mmoja springi ilikuwa imekatika, wa pili umeshika kutu, kwa hiyo gurudumu lilikuwa limegeuka pembeni kidogo kama ng'ombe anayesikiliza kitu nyuma yake.

Mboje aliipanda kutoka Bariadi akiwa kijana wa miaka ishirini na tatu, baada ya kusikia kwamba huku Tarime watu wanachimba dhahabu kwa sururu. Mama yake alitoa mtamba mmoja kwenye zizi, akauzwa, ikanunuliwa baiskeli hiyo, mtumba wa Mwanza, ya kwanza yenye springi katika kijiji chao. Sharti la mama lilikuwa fupi: irudi na wewe. Leo Mboje ana miaka arobaini na minne. Ameshuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, amelisha mawe karashani, kwenye mashine ya kuyasaga, kuna mwaka alipata na kuna miaka alipoteza, na hadi mwaka huu nyumbani alikuwa hajawahi kurudi. Baba yake alizikwa yeye hayupo.

Miaka minne iliyopita dada yake, Eufrasia, alipiga simu kusema macho ya mama yanafifia. Siku hiyo Mboje aliikokota baiskeli hadi kwenye banda la Mzee Nchagwa, fundi baiskeli wa pale njia panda, akasema, "Mzee, nitafutie shokapu. Ikikaa sawa, naondoka."

Banda hilo nalijua vizuri kwa sababu huwa nachajisha simu za watu pembeni yake, cheti changu cha ualimu kikisubiri ajira. Nimesikia maneno hayo, "ikikaa sawa, naondoka," mara nyingi kuliko ninavyosikia jina langu.

Mtu wa nje angeuliza kwa nini asipande basi. Tulimuuliza. Alijibu kwamba hawezi kwenda kwa basi na kumwambia mama yake baiskeli imebaki Kemambo. Na kuifunga juu ya basi ikiwa imeinamisha kichwa vile, pia hawezi. Alitaka aingie nayo kijijini akiwa ameipanda, shokapu zikipumua kama siku aliyoondoka. Jioni nyingine alikaa kwenye gogo akatusimulia njia yote, kuanzia daraja la Mto Mara, kisha Busawe, Mugumu, Nata, Bunda, Lamadi, hadi kwenye kisima cha kwao ambapo mchanga ni mweupe na lazima ushuke uisukume. Alikuwa akifika kwenye mchanga huo anaishia hapo. Sisi wote tuliuona mchanga huo, hata ambao hatujawahi kufika huko.

Basi kutafuta kukaanza. Shokapu si tairi, huwezi kuokota yoyote ukafunga. Ya kwanza ilitoka Sirari, mpya, inang'aa kama sufuria la harusi. Muuzaji alimwambia, "Hii ni ya twenty-nine, boss, lakini itaingia tu, usijali." Iliingia. Lakini ilikuwa ya gurudumu kubwa, kwa hiyo breki za Mboje zilishika hewa badala ya rimu. Nchagwa aliitoa siku hiyohiyo akairudisha kwenye boksi. "Na hii ukiteremka nayo kuelekea mtoni," alisema, "utasimama ukishafika Busawe, na meno utayaacha Kemambo."

Ya pili ilikuwa mtumba mzuri kutoka Tarime mjini, laini, hata mimi niliipenda. Hiyo ilitengenezwa kwa breki za sahani. Haikuwa na vile vishikio viwili vya kufungia breki za mpira. Nayo ikarudi. Hadi hapo hakuna aliyemlaumu. Fundi alikuwa upande wake.

Ya tatu aliileta Vincent, dereva wa bodaboda anayeegesha pale, kutoka Musoma. Gurudumu sawa, vishikio vipo, shingo, yaani lile bomba la juu linalopita ndani ya fremu hadi kwenye usukani, urefu sawasawa. Nchagwa aliishika kama anashika mtoto. Mboje akaizunguka mara mbili.

"Ni nyekundu," akasema.

"Naiona," Nchagwa akajibu.

"Baiskeli ni ya buluu."

"Na wewe ni mweusi. Kwa hiyo?"

"Mama anaijua ikiwa ya buluu tupu."

Vincent akadakia. "Si ulisema macho yake hayaoni? Huo wekundu atauona kwa pua?"

Tulicheka, na Mboje alicheka nasi, lakini hakuichukua. Vincent akaiuza kwa mwalimu wa sekondari, ambaye kila alipopita nayo Mboje aliangalia upande mwingine.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Eufrasia alipiga tena. Alisema mama sasa anawatambua watu kwa sauti zao tu, na kila wiki anaulizia baiskeli. Mboje alikata simu. Kesho yake Joel, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa anapeleka mzigo Mwanza, na Mboje akamwomba amtafutie shokapu huko, ya buluu au nyeusi, shingo ikatwe kabisa kulingana na kipimo. Nchagwa hakuwepo siku hiyo, alibaki nyumbani kwa ajili ya chanjo ya ng'ombe wake. Kwa hiyo Mboje alipima mwenyewe. Buchani walikuwa wametoka kuchinja. Aliichomoa foku ya zamani, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, akakata ukanda wa ngozi mbichi, akaulaza kwenye shingo yake, akapunguza kwa kisu hadi ncha zikalingana, akampa Joel, kisha akairudisha foku mahali pake. Mimi nilimwona. Nikadhani ni ujanja wa mtu asiye na futikamba.

Joel alirudi baada ya siku tisa. Shokapu ilikuwa nzuri kuliko zote tatu. Ya buluu, gurudumu sawa, vishikio vipo, mafuta ndani, ukiibonyeza inazama na kupanda taratibu. Nchagwa alifungua ya zamani, akapaka grisi, akapanga gololi, akaichomeka mpya. Bomba lilipotokea juu ya fremu lilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Nati haikuwa na mahali pa kushika.

"Ungeni kipande," Vincent alisema.

"Shingo ya kuungwa ikikatika unazikwa nayo," Nchagwa alijibu, bila kuinua macho. "Joel, kipimo kiko wapi?"

Joel alikwenda kwenye lori akauleta ukanda. Ulikuwa umening'inia kwenye kioo cha pembeni siku zote tisa, juani. Nchagwa akaulaza kwenye shingo mpya. Vikalingana kabisa. Fundi wa Mwanza hakukosea hata unywele. Akajaribu kuukunja ule ukanda, ukagoma kama kijiti. Ndipo akamgeukia Mboje.

"Ulikata ikiwa mbichi?"

"Ndiyo, mzee."

"Msukuma, kwenu mlikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Arobaini na kitu."

"Na ngoma zenu mnawamba na nini, karatasi?"

Mboje aliinamia ule ukanda.

"Mtoto wa miaka sita kwenu anajua ngozi mbichi ikikauka inanywea. Kwangu pia anajua. Huyu mwalimu wa kuchajisha simu ndiye hajui, amekulia kwenye vitabu."

"Labda Wasukuma wa siku hizi wanafuga kambale," alisema Vincent, lakini safari hii hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akawasha pikipiki yake akaizima tena.

Mboje alikaa kwenye gogo. Mikono yake yenye sugu aliibana katikati ya magoti. "Sikupanga, mzee," alisema. "Naapa sikukaa nikapanga. Lakini nilipokuwa nakata nilijua. Mkono ulijua, nikauacha." Kisha akasema, "Anaulizia baiskeli kila wiki. Ng'ombe wake yule. Nitafika nimeshika nini? Miaka yote hii, nitafika pale nimeshika nini?"

Nataka niseme jambo hapa, na nitalisema kwa hasira kwa sababu ndivyo linavyonijia. Kemambo imejaa akina Mboje. Kuna wa Kahama, wa Singida, wa Kigoma. Mmoja hawezi kwenda kwao mpaka apate bati za nyumba. Mwingine mpaka ang'oe jino lililooza, asionekane vibaya. Mwingine anasubiri mwamba uteme dhahabu. Nani aliwaambia wanaume hawa kwamba mtu asiye na kitu mkononi hana haki ya kupokelewa na mama yake? Dhahabu imewafukia wengi bila duara kuporomoka. Wapo hai, wanakula, wanatania watu pale njia panda, na kila jioni wanageukia upande wa kwao kama mimea. Ningekuwa na uwezo ningesimamisha lori pale njia panda, nikawapakia wote kama walivyo, na vumbi lao.

Nchagwa hakusema lolote kati ya hayo. Alifuta grisi mikononi akasema, "Mura," kama Wakurya wanavyomwita kijana, "piga simu. Uliza mwenyewe."

"Sina salio."

Nikampa simu yangu. Eufrasia alipokea, akashangaa, akampelekea mama. Mboje alisema, "Mayu," na baada ya hapo wakaongea Kisukuma. Sauti ya yule mama ilikuwa nyembamba lakini haikuwa na haraka. Sisi tuliambulia neno moja tu, na lilirudi mara tatu: keria.

Alipomaliza, Mboje aliendelea kuishika simu kama haijakatika.

"Anauliza kama keria bado ipo," akatuambia. "Kile kiti cha nyuma. Ana dada yake mkubwa, vijiji viwili mbele, hawajaonana tangu macho yaanze kufifia. Pikipiki anaiogopa, mkokoteni unamuumiza kiuno. Anasema mimi nilikuwa nambeba taratibu."

"Ndicho alichokuwa anaulizia?" Joel aliuliza.

"Miaka minne."

Tuliitazama keria. Ilikuwepo, imepinda kidogo, boliti mbili zimepungua. Hakuna aliyewahi kuitazama, kwa sababu wote tulikuwa tunatazama mbele.

Nchagwa aliinuka akaenda kwenye lundo la vyuma nyuma ya banda. Alirudi na foku kavu, chuma kitupu kisicho na springi, nyeusi, iliyotoka kwenye baiskeli ya milimani iliyokanyagwa na lori upande wa nyuma. Gurudumu lake lilikuwa lilelile. Vishikio vya breki vilikuwepo. Alipima shingo kwa spoku, akamwonyesha Mboje ile spoku. "Hii hainywei," alisema. Ilizidi kidogo, akaweka washa mbili, zile pete za chuma, nati ikashika.

Ile foku ilikuwa fupi kuliko yenye springi, kwa hiyo baiskeli iliinama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Nchagwa alimweleza wazi kwamba usukani utakuwa mzito kidogo, na kwamba kwenye makorongo ya kuelekea Nata mikono itakufa ganzi. Mboje aliitikia tu. Alikuwa amepiga magoti nyuma, anaikaza keria kwa spana yake mwenyewe, na juu yake akafunga gunia lililokunjwa mara nne.

Aliondoka asubuhi ya pili. Hakuaga sana. Tulimwona akiteremka kuelekea mtoni, mabega yakirukaruka kwa kila jiwe, hadi mavumbi ya lori yakamfunika. Ile shokapu ya buluu ipo bado bandani, kwenye msumari, na ule ukanda wa ngozi umening'inia pembeni yake. Wachimbaji wakija kuziba pancha huuliza vinauzwa bei gani. Nchagwa huwaambia haviuzwi, kisha huwauliza wao ni watu wa wapi.

Siku ya sita simu yangu iliita, namba ya Mboje. Nikaweka sauti ya juu, Nchagwa akasogea.

"Foku inasemaje?" aliuliza kabla ya salamu.

"Vidole sivisikii, mzee." Nyuma ya sauti yake palikuwa na upepo, na sauti nyembamba ikiongea Kisukuma karibu sana na simu. Mboje akaijibu, kisha akaturudia. "Nitapiga baadaye. Hapa nimefika kwenye mchanga, na nimembeba mtu."