Migomba Minane ya Mbele

Mtu akikuambia kwamba Kerga wa kijijini kwetu ni mkulima hodari, muulize amemtazama akiwa wapi. Lazima atasema alikuwa barabarani. Ukisimama kwenye ile barabara yetu pana ya majani, ulikuwa unaiona migomba minane mbele ya nyumba yake, minene, mirefu kupita paa, na Kerga mwenyewe amesimama chini yake mikono nyuma, akingoja kusifiwa.

Si migomba ya ndizi. Huu wa kwetu hauna tunda la kuliwa. Unaliwa wenyewe, shina na kisiki, baada ya wanawake kuukwangua, kuukamua na kuufukia shimoni mpaka uchache. Hapo ndipo unapata kocho, mkate wetu wa asubuhi na jioni. Mgomba mmoja unataka miaka saba. Kerga aliichimbia na kuipanda, hilo hatumnyimi. Lakini samadi ya miaka yote saba ilibebwa na mkewe, Zebidar, kila alfajiri, kikapu mgongoni, kutoka upande ule wa nyumba wanakolala ng'ombe. Mgongo ulimuuma mke, sifa zikamwendea mume.

Mwaka juzi shimo la Zebidar lilianza kupungua. Akasema ikatwe minne ya mbele.

"Mama Sahle, una wazimu?" Kerga akamwuliza. "Mtoto wetu anachumbia. Wakwe watakuja kuiona nyumba kabla hawajamtoa binti yao. Unataka wakute uwazi mlangoni?"

"Basi nikwangue nini?"

"Si ipo ile ya nyuma?"

Ile ya nyuma ilikuwa michanga, ya miaka mitatu, minne. Zebidar alijua kwamba akiikata leo, miaka mitatu ijayo hatakuwa na cha kukata. Alisema hivyo. Kerga akamjibu kwamba wanawake wanapenda kulalamika. Basi akakata sita, akawaita wanawake wenzake wa kikundi cha kukwangua, na kazi ikaisha kabla ya kahawa ya pili. Jirani yake Amarech alitazama kile kirundo kidogo, akasema, "Mama Sahle, umetuita kukwangua au kuchokoa meno?" Wenzake wakacheka. Zebidar alicheka nao, lakini moyoni alikuwa ameshikwa na hasira.

Wakwe walikuja. Baba mtu alisimama na Kerga barabarani wakaihesabu migomba mara mbili. Mama mtu, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, aliomba maji ya kunawa, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi, akanywa kahawa. Binti yao Yeshi akaolewa na Sahle mwezi wa Januari.

"Umeona?" Kerga akamwambia mkewe. "Migomba ndiyo iliyotuolea."

"Haya, imeshaoa. Tuikate sasa."

"Subiri kidogo. Wageni wa harusi hawajaisha kupita."

Subiri kidogo! Zebidar alikuwa amelisikia neno hilo tangu akiwa bibi harusi. Kila alipolisikia, alisema sawa, akaenda kubeba samadi.

Mwezi wa Februari, asubuhi moja, aliinua macho akaona mgomba wa tatu umechomoza ncha ya ua. Kwa mtu wa kwetu hiyo ni kengele ya hatari. Ua likishatoka, mgomba wote unaanza kulilisha ua, na usipoukata upesi, shina linabaki nyuzi na maji. Alikimbia ndani.

"Baba Sahle! Mgomba umetoa ua!"

"Nimeuona tangu wiki iliyopita," Kerga alisema huku akijinyoosha. "Unapendeza, au siyo?"

 Zebidar alitoka nje akakaa juu ya kikapu chake cha samadi, akalia.

Siku tatu baadaye Yeshi alirudi kutoka kuwasalimia wazazi wake. Alikuwa na furushi zito lililofungwa kwa majani. Bibi harusi hurudi na siagi, au asali, au kahawa. Zebidar alilifungua furushi akakuta kocho.

Hakuna mama anayepeleka kocho kwenye nyumba yenye kocho. Hilo analijua hata mtoto.

"Mama yako alisemaje?" Zebidar aliuliza polepole.

Yeshi alitazama chini. "Nisamehe, mama. Siku ile alipokwenda kunawa, alifunua majani ya shimo. Akaona mpaka chini kabisa."

"Na migomba? Migomba hakuiona?"

"Aliiona, mama."

Kerga, aliyekuwa ameketi pale pale, alikuwa ameshamega kipande na kukibandika kwenye kikaango. Alipokila akafumba macho. "Hii imechacha barabara! Yeshi, mwambie mama yako ana mkono mtamu." Zebidar hakula siku hiyo kwa aibu. 

Siku ya soko, Kerga alipopotea tu mwisho wa barabara, wanawake kumi na mmoja wa kikundi, walioitwa na Zebidar, walikuwa tayari wamefika na mapanga, mbao na vikwangulio vya mianzi. Waliiangusha yote minane. Wakaketi pale pale mbele ya nyumba, mguu mmoja juu ya ubao kulishikilia gamba la shina, nguo zimepandishwa magotini, wakakwangua. Na kwetu, wanawake wakishakaa mkao huo, mwanamume hasogei.

Kerga alirudi saa nane akasimama barabarani kana kwamba amepotea njia.

"Zebidar! Nani kakuruhusu?"

"Usisogee, baba Sahle!" Amarech alipaza sauti. "Tuko magoti nje!"

"Ile miwili ya kona iacheni!"

"Ipi? Njoo utuonyeshe!"

Walicheka mpaka wakaangusha vikwangulio. Kerga alizunguka kushoto, akazunguka kulia, mwishowe akawapa mgongo akaketi kwenye majani, maana alikuwa mtu wa heshima.

Zebidar hakucheka muda mrefu. Mgomba wa tatu ulipopasuliwa ulitoa nyuzi na maji. Wa nne vilevile, na wa saba. Katika ile mingine mitano, miwili ilikuwa imeanza kuharibika. Alikaa na gamba tupu mapajani, akamkasirikia Kerga, na zaidi ya Kerga alijikasirikia yeye mwenyewe kwa kila "sawa" aliyoisema. Shimo ambalo lingejaa hadi kifuani kwake lilijaa hadi mapajani tu.

Ikafika Septemba, sikukuu ya Msalaba tunayoiita Meskel, watu wamerudi kutoka mjini na kila nyumba inanukia siagi. Zebidar alilifungua shimo. Akachagua kocho nyeupe kuliko yote, akaifunga kwenye jani jipya, furushi mara mbili ya lile lililokuja Februari, akampa Yeshi. "Mpelekee mama yako. Usimwambie neno. Ataelewa." Yeshi alipoondoka nalo, Zebidar alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Februari. Iliyobaki aliigawa kwa kipimo cha ngumi, ifike mwaka mwingine.

Mchana nyama ilikuwa tele, Kerga alikuwa amechinja dume zuri alilolinenepesha ili litazamwe na kila mtu. Mkewe akamwekea kipande cha kocho kisichozidi kiganja. Kerga alikigeuza, akatazama sahani za wengine.

"Mama Sahle, migomba minane mizima, na kocho ndiyo hii? Nyingine iko wapi?"

"Ulishaila, baba Sahle," Zebidar alisema. "Uliila kwa macho."