Pedi za Jumamosi

Mtaa mzima ulimwita Mama Breki, na hawakuwa wanamtania. Miaka ishirini na saba alikuwa akifunga breki: za malori, za mabasi, za gari la wagonjwa, hata za baiskeli ya mzee wa posta alipoombwa kwa adabu. Karakana yake ilikuwa ya mabati, milango miwili, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na ukutani kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyekuwa na haraka ya kuishusha. Mteja akikabidhiwa ufunguo alikuwa akiuliza, "Sasa niende tu, mama?" Naye alijibu, "Nenda kalale." Watu walikwenda wakalala kweli.

Balaa liliingia nyumbani kwake mwaka mumewe alipostaafu. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, mtu wa sweta hata kukiwa na joto, aliyemaliza miaka thelathini na tano akiwaambia watoto wa watu watulie. Wenzake wakistaafu hufuga kuku. Yeye akanunua gari la mbio. Jamani! Gari la viti viwili, la buluu, limelala chini hivi kwamba Mwalimu akitaka kushuka alishika mlango kwa mikono miwili na kuliomba goti la kushoto ruhusa. Siku za kawaida alilitumia kwenda sokoni na kwa dada yake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi alilipeleka uwanja wa mbio nje ya mji, ambako watu wazima na akili zao huzunguka mahali pamoja asubuhi nzima na kurudi wamefurahi.

"Njoo siku moja basi, unione," alimwambia mkewe kila mwezi.

"Nije nione nini? Mtu anavyofanywa mjane?"

Walicheka, yakaisha. Lakini mwezi uliopita rafiki wa Mwalimu, daktari wa meno, alikosa kona akaingia kwenye ukuta wa matairi, akatoka na shingo imefungwa plastiki. Mwalimu aliisimulia habari hiyo mezani huku anacheka mpaka machozi, kijiko kikiwa gari na kikombe kikiwa ukuta. Mama Breki hakucheka. Tangu siku ile hakutulia. Akianza kufagia anaacha katikati. Anafungua friji, anasahau alichofuata. Anakaa, anasimama, anakwenda dirishani kutazama gari lililosimama tu, halijamkosea mtu. Moyo ulimwenda mbio mwenyewe akiwa amekaa.

Wiki ya mwanzo wa mwezi Mwalimu akatokea karakana na daftari la mistari.

"Nimefanya utafiti," akasema, akafungua jedwali alilolichora kwa rula. "Pedi za breki za kawaida zinashika zikiwa baridi, ila zikichemka sana zinaachia. Za mbio ni kinyume, zinataka moto kwanza. Halafu kuna hizi za katikati, za mtaani na uwanjani pamoja."

"Za katikati achana nazo," Mama Breki akamjibu, hata hakutoa kichwa chini ya lori. "Ni kama viatu vya kuazima. Vinaingia, lakini huendi navyo mbali. Kwa kona za kule, chukua za mbio zenyewe. Ila usikae nazo wiki nzima! Asubuhi ukitoka getini zikiwa baridi, mtoto akikatiza mbele yako, utakanyaga na gari litaendelea na safari yake. Tena zinalia, zinatafuna diski, zinamwaga vumbi jeusi kila gurudumu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo seti mbili. Za mtaani zikae wiki nzima. Ijumaa nakufungia za mbio, Jumamosi unaenda nazo taratibu mpaka uwanjani. Ukirudi nazitoa."

Ulikuwa ushauri safi, na fundi yeyote mwenye akili angesema hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba aliyejibu ni fundi. Mke alikuwa bado hajaulizwa.

Mke aliamka Ijumaa alasiri. Mwalimu alikuwa ameleta gari na boksi jipya la pedi za mbio, akaenda zake kwa dada yake. Mama Breki akapiga jeki, akatoa magurudumu, akakaa juu ya tairi kuukuu na pedi moja mkononi. Nzito, imara, kazi nzuri kabisa. Ndipo akafikiri: nikimpa hizi, ataingia kona kwa kasi kuliko mwezi uliopita. Nisipompa, je? Atakanyaga, ataona gari halikamati kama alivyotarajia, ataogopa, atapunguza mwendo. Atarudi ananung'unika, lakini atarudi. Alijua moto unachofanya kwa pedi za mtaani, alijua kuliko mtu yeyote katika mji ule, lakini siku ile alijifanya hajui. Alirudisha magurudumu na pedi zile zile za zamani, akaliweka boksi kwenye droo, chini ya matambara.

Mwalimu aliporudi akauliza, "Tayari?"

"Tayari."

Asubuhi ya Jumamosi Mwalimu alizunguka uani kidogo, akafunga breki mara mbili, akashusha kioo. "Mbona hazilii? Kila nilikosoma wanasema zinalia."

"Nimezipaka grisi kwa nyuma," Mama Breki akasema, na alishangaa ulimi ulivyoteleza.

"Ndiyo maana nilioa fundi!" Mwalimu akapiga honi, akaondoka akipunga mkono kama anayekwenda harusini.

Mama Breki akaenda kazini. Kwenye shimo kulikuwa na basi lililofika alfajiri, na dereva wake, baba mmoja mnene mwenye sauti nyembamba, alikuwa amekaa kwenye ndoo akingoja. Mama Breki akatoa gurudumu la mbele. Uso wa pedi ulikuwa unang'aa kama kioo, na kingo zimemegeka. Harufu ya kuungua ilikuwa bado imo.

"Ulikuwa unatoka wapi wewe?"

"Mteremko wa kule juu. Nimeshuka vizuri, mama, sikudanganyi. Kona ya kwanza safi, ya pili safi. Ya tatu nakanyaga, mguu umefika, breki haijafika."

"Hukuona dalili? Hazikuanza kulegea kidogo kidogo?"

"Dalili gani? Zingenipa dalili ningesimama. Zilishika mpaka zilipokataa. Basi. Kama si ua wa miti ulionizuia, leo ungesikia habari zangu redioni."

Mama Breki akabaki na pedi ile mkononi. Maneno hayo yeye mwenyewe amewaambia wateja mara ngapi? Mara mia? Akatoa simu, akampigia mumewe. Ikaita mpaka ikakatika, kwa kuwa uwanjani simu hufungiwa kabatini. Akapiga tena. Akapiga tena. Simu ikamponyoka, ikaangukia ndani ya shimo, na hakushuka kuiokota. Akavuta droo, akatupa matambara, akabeba boksi, akavuka barabara kwa fundi wa rangi mwenye pikipiki.

"Nipeleke uwanja wa mbio. Sasa hivi!"

"Na basi la watu, shemeji?"

"Lina miguu? Litakukimbia? Twende!"

Fundi wa rangi alisema baadaye kwamba hajawahi kupigwa ngumi mgongoni kama siku ile, na kila ngumi ilikuwa na neno lake: kaza, kaza, kaza. Mwanamke aliyekuwa akigombeza mtaa mzima kwa mwendo mkali! Walipofika kwenye uzio magari yalikuwa yameshaingia, yanapita kwa makelele ya kuziba masikio. La buluu lilikuwa la tatu. Mama Breki aliliona likiingia kona ya mwisho, akaona taa zake za nyuma zinawaka, akashika wavu wa uzio kwa vidole kumi mpaka lilipotokea upande wa pili. Limeshika. Hiyo ilikuwa kona ya ngapi? Hakujua.

Msimamizi wa bendera alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia ya njano.

"Mtoe yule wa buluu!" Mama Breki akamwambia.

"Mama, rudi nyuma ya mstari."

"Breki zake hazifai. Mtoe!"

"Nani kakwambia? Gari limekaguliwa asubuhi. Karatasi aliyojaza mwenyewe imeandikwa pedi mpya za mbio."

Kwenye uzio watu walishageuka. Daktari wa meno alikuwepo na shingo yake ya plastiki, na kando yake wateja wawili wa karakana, mmoja mwenye malori sita. Mama Breki aliwaona wote vizuri.

"Karatasi ina uongo," akasema, kwa sauti, ili asiulizwe mara ya pili. "Aliyemfungia ni mimi. Sikuweka za mbio. Nilimwambia nimeweka."

Mwenye malori akamtazama, halafu akatazama viatu vyake mwenyewe. Msimamizi akachukua bendera nyeusi, ile ya kumwita dereva atoke, akatoka mbio.

Gari la buluu likaingia njia ya pembeni. Lilipaswa kusimama kwenye alama nyeupe, likaipita, tena kwa urefu wake mzima, likasimama likifuka moshi magurudumu ya mbele. Mwalimu akatoa kofia ngumu. Nywele zimelowa, uso unang'aa. Akamwona mkewe, na furaha aliyoipata mzee yule, wallahi, ungedhani amerudishiwa ujana wake.

"Umekuja!" akapaza sauti. "Umekuja kuniona! Jamani, huyu ndiye mke wangu, huyu ndiye niliyewaambia!"

Mama Breki akamnyooshea boksi. Lilikuwa bado na utepe wake wa kiwandani. Mwalimu akalitazama, akatazama moshi, akamtazama mkewe. Mtu wa hesabu huyo, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Nilidhani utaogopa," Mama Breki akasema. "Nilidhani utapunguza mwendo."

Mwalimu akajifuta shingo kwa mkono.

"Leo ndiyo nimechelewa kukanyaga breki kuliko siku zote," akasema mwishowe, taratibu, kama anayemsomea mtoto jibu. "Kila kona. Nilisema moyoni, hizi amefunga mwenyewe, acha nizitumie."

Mama Breki alitaka kukaa chini, hapakuwa na kiti. Akabaki amesimama.

Walingoja saa nzima chuma kipoe. Alitoa magurudumu, akazikagua pedi moja moja, akazisugua uso kwa msasa, akaangalia mafuta ya breki, akapampu pedeli mpaka ikarudi kuwa ngumu. Za mbio hakumwuliza kama azifunge, na Mwalimu hakumwomba.

"Kwa barabarani ziko sawa," akasema. "Zikiwa hazijachemka zinashika. Haki ya Mungu."

"Najua," Mwalimu akasema, akamfungulia mlango.

Wakatoka uwanjani, viti viwili, yeye na mkewe, boksi mapajani. Taa ya kwanza ya barabarani walipoiona ilikuwa bado mbali, ng'ambo ya kituo cha mafuta, tena ilikuwa kijani. Mwalimu akaanza kukanyaga. Alikanyaga kidogo, akaachia, akakanyaga tena, akiipima pedeli kwa mguu, mikono yote miwili imekaza usukani. Magari ya nyuma yakapiga honi, yakawapita. Mama Breki akafungua mdomo amwambie tena kwamba zinashika, akaufunga. Wakafika kwenye taa polepole sana, imeshageuka nyekundu, wakasimama mbali na mstari.